Nadaiwa kuku Dankoli

Kazi yangu ni kutembeza watu. Ni mwaka wa 16 sasa niko Bagamoyo, nawachukua wageni Mji Mkongwe, nawapitisha boma la Mjerumani na misheni ya mapadre ya 1868, halafu jua likipungua makali nawapeleka Kaole kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Pale Kaole kuna mbuyu. Nikifika mbele yake nasimama, nashusha sauti kidogo, nawaambia kwamba anayeuzunguka mbuyu huu anaongezewa umri. Wote wanauzunguka. Nimewahi kuwa na daktari bingwa wa moyo akauzunguka mara tatu, na kamera mkononi. Mimi nasimama kivulini nawatazama. Hadithi ile niliipokea kwa mwongoza watalii aliyenitangulia, naye aliipokea kwa aliyemtangulia, na hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza nani aliianzisha.

Nimetanguliza hilo ili ujue ni mtu wa namna gani aliyepanda ndege Januari kwenda kutembezwa yeye, katika nchi za Vodun, dini ya jadi ambayo filamu zinaiita Vudu.

Tiketi sikununua. Kuna mzee wa Kiswisi na mkewe, wastaafu, ambao nimewatembeza mara tatu tangu nianze kazi hii. Mwaka juzi waliniandikia: wewe umetuonyesha kwenu, safari hii twende wote tukaonyeshwe kwa watu. Togo na Benin, siku tisa. Mama watoto alisoma ule ujumbe, akanirudishia simu. "Unakwenda kwa wachawi," akasema, na wala hakuuliza. Jirani yetu mmoja, mtu wa swala tano, alinivuta pembeni akaninong'oneza nisile cha mtu.

Sikuwacheka. Na mimi nilikuwa na picha hiyohiyo kichwani: Vudu ya kwenye filamu za video tulizokuwa tunaingia kwa kiingilio utotoni, mwanasesere amechomwa sindano, mtu anatembea na keshakufa. Kwetu pwani neno likishaangukia upande wa uchawi halina tena wa kulitetea. Sheria yetu ya Uchawi ni ya Mwingereza, ya 1928, na mpaka leo ipo vitabuni. Januari 2015 Serikali ikapiga marufuku wapiga ramli chonganishi baada ya ndugu zetu wenye ualbino kukatwa viungo na kuuawa. Vikongwe wa Kanda ya Ziwa wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu ya moshi wa jikoni. Mtu aliyekulia humo hawezi kulisikia jambo la mizimu kwa masikio ya mtalii.

Sasa fikiria nchi ambayo jambo hilo lina sikukuu yake ya taifa. Benin, kila Januari, ofisi zinafungwa.

Tulishukia Lomé. Togo nayo ilikuwa ya Mjerumani kama sisi, tangu mkataba wa 1884 mpaka vita vya 1914, kwa hiyo mjini nilikutana na majengo ambayo ningeweza kuyatembeza mwenyewe bila kuuliza. Chakula hakikunipa shida: ugali wa mahindi na mchuzi wa bamia wenye pilipili ya kumtoa mtu machozi. Kilichonipa shida ni soko la Akodessewa.

Ni uwanja wa mchanga wenye meza pande zote, na juu ya meza wamepangwa wanyama waliokauka. Vichwa vya nyani. Vichwa vya mbwa, vya mamba. Vinyonga kama majani makavu, ndege wamefungwa mafungumafungu, ngozi, pembe, mikia. Mzee wa Kiswisi alitoa kamera yake, mkewe akawa anauliza jina la kila ndege. Mimi nilibaki mlangoni mwa gari na miguu mizito. Kijana aliyekuwa anatuzungusha aliniona, akaja, akaniambia kwa Kiingereza cha Accra: "Kaka, hili ni duka la dawa tu. Bokono anapiga ramli, anakuandikia unachohitaji, unakuja hapa kununua." Bokono ni mpiga ramli wao. Basi nikaingia, lakini mikono niliiweka mfukoni muda wote, kama niko dukani kwenye vyombo vya udongo na sina hela ya kulipa nikivunja.

Tulimalizia kwenye kibanda cha nyuma, kwa mzee muuza hirizi. Kulikuwa na kijiti chenye tundu na kizibo: ukisafiri unanong'ona tunduni unakokwenda na siku ya kurudi, unaziba, unakiweka mfukoni. Mama wa Kiswisi alikitaka. Mzee akasema bei haijui yeye, ngoja aulize. Akazitupa kauri nne mkekani, akazitazama, akataja bei. Mama akaguna. Mzee akazitupa tena, bei ikashuka. Kwa mara ya kwanza siku ile nikatabasamu, maana hapo nilikuwa kazini kwangu kabisa.

Kauri moja ilibingirika mpaka mguuni pangu. Nikaiokota, na hapo nikasahau woga. Ilikuwa ndogo, nyeupe, na mgongoni ina mduara mwembamba wa rangi ya dhahabu. Kete hiyo! Ukienda ufukweni Bagamoyo maji yakitoka utaziona, watoto wetu wanachezea. Nilimuuliza yule kijana zinatoka wapi. Baharini, akasema. Bahari ipi? Akanyoosha kidole upande wa Atlantiki. Lakini Atlantiki haina kauri hizo, ni za Bahari ya Hindi. Kwa karne nyingi zilitoka Maldivi, zikaletwa na meli za Ulaya pwani hii kununulia watu. Kisha katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg waligundua kwamba kauri za Zanzibar ni za bei rahisi zaidi. Wakazipakia kwa magunia, wakazungusha meli chini ya bara lote, wakazimwaga hapa kununulia mawese. Ziliingia nyingi mpaka thamani yake ikaporomoka na kauri ikaacha kuwa fedha. Ilibaki kuwa kitu cha miungu.

Nilimrudishia mzee kauri yake. Sikuweza kumweleza hayo yote kwa Kiingereza changu na Kifaransa cha kuunga cha mama. Nilimwambia tu kwamba hii ni ya kwetu. Akacheka, akaitia mfukoni haraka, labda alidhani naidai.

Mpakani, upande wa Benin, ilitokea raha ambayo sikuizoea. Waafrika wote wanaingia Benin bila viza. Wenzangu Waswisi walitoa karatasi zao za viza ya mtandaoni zikakaguliwa kwa muda, mimi nikagongewa muhuri nikatoka nje kununua machungwa. Barabarani mafuta ya magendo kutoka Nigeria yamepangwa kwenye chupa na madumu makubwa ya kioo yanayong'aa rangi ya asali. Bodaboda wao wanaitwa zemidjan, na Cotonou madereva wake wanavaa mashati ya njano.

Upande huo ndipo alipotupokea mwenzangu. Nitamwita hivyo, maana ni mwenzangu kweli: mwongoza watalii, mtu wa makamo, fulana iliyopigwa pasi, viatu vya kutembea mbali. Katika dakika tano za kwanza nilikwishaona kwamba anaijua kazi. Anasimama kivulini yeye mwenyewe kwanza ili wageni wamfuate kivulini. Anasema jambo moja halafu ananyamaza. Sisi wa Bagamoyo tuna ugonjwa wa kusema yote mlangoni.

Alitupeleka Ouidah. Mji huu una hekalu la chatu, na ng'ambo ya uwanja, uso kwa uso na hekalu hilo, kuna basilika ya Kikatoliki. Mwenzangu alibatizwa kanisani humo. Jumapili yuko humo, na mambo ya ukoo wake yako huku. Mama wa Kiswisi alimuuliza kama padre hakasiriki. Akasema padre mwenyewe ana bibi yake.

Chatu wa Ouidah ni wadogo, hawana sumu, wa aina ile inayojiviringa kama mpira ikishtuka. Wanalala chungu nzima ndani ya kibanda cha mviringo, na usiku wakati mwingine wanaachiwa watoke wajitafutie. Akiingia nyumbani kwa mtu hapigwi, anapokelewa kwa heshima na kurudishwa. Mgeni anaruhusiwa kuvalishwa mmoja shingoni. Mama wa Kiswisi, miaka 71, akavaa wawili. Mzee akapiga picha. Wakanigeukia mimi.

Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Ajabu," akasema mwenzangu, "Wazungu wanavaa, Mwafrika ndiye anakimbia!" Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka, lakini jambo lile lilikaa nami usiku mzima. Yule mama alivaa chatu. Akamsifu ngozi yake, akamsikia alivyo baridi, akamrudisha. Mimi niliyekuwa natazama sikuona chatu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mzaramo wa kule ndani, na kwao Wazaramo na Waluguru kuna Kolelo, joka la pangoni milimani Uluguru, ambalo watu walikuwa wakiliendea kuomba mvua. Mimi ni Mwislamu, nimesoma madrasa, na ukiniuliza kama namwamini Kolelo nitakuambia astaghfirullah. Lakini mgongo wangu ulikuwa ukutani. Katika kundi letu lile aliyekuwa muumini wa Vodun siku hiyo, ukitoa watu wa hekalu, ni mimi.

Msitu mtakatifu wa Kpassè uko mjini humohumo. Wanasimulia kwamba mfalme Kpassè hakufa, aligeuka mti, na mti wenyewe wanauita iroko. Mwenzangu aliposimama chini yake nilicheka peke yangu: iroko ni mvule. Mvule! Mti ambao kwetu fundi seremala anautamani kwa ajili ya milango na mzee wa ukoo anamwambia usiuguse huo, una wenyewe. Nikamwambia mwenzangu, akataka nilitaje tena hilo jina, akaliandika kwenye simu yake. Vodun, alinieleza, si shetani wala si Mungu Mkuu. Ni nguvu zilizopo kwenye vitu. Gu yuko kwenye chuma, ndiyo maana dereva wao wa lori na fundi wao wa gari ni watu wake. Sakpata ni wa ardhi, na ndui ilikuwa adhabu yake. Hevioso ni radi. Dan ni nyoka, na upinde wa mvua. Mawu yuko juu ya wote. Na Legba yuko mlangoni na njia panda, kichuguu cha udongo chenye macho na uume usio na aibu, ambaye lazima asalimiwe kabla ya yeyote, kwa sababu yeye ndiye mkalimani. Bila Legba, hao wengine hawakusikii.

"Kwa hiyo Legba ni mwongoza watalii," nikasema. Alicheka mpaka akashika mti.

Mchana tukatembea Njia ya Watumwa, kilomita kama 4 kutoka mjini mpaka ufukweni. Ufalme wa Dahomey uliiteka Ouidah mwaka 1727, na kwa zaidi ya karne moja biashara ya watu ikapita hapa. Jumla ya waliopakiwa Ouidah inakadiriwa kuwa watu milioni 1. Ufukweni kuna Mlango wa Kutorudi, tao kubwa lililojengwa miaka ya 1990, na nyuma yake ni mawimbi tu, mabaya, yenye kelele. Sikusema kitu pale. Bagamoyo tunawaambia wageni kwamba jina la mji ni bwaga moyo, acha moyo wako hapa. Nilikuwa nimelisema mara nyingi mno mpaka likapoteza uzito, nikalisikia upya mbele ya maji yale.

Lakini kabla ya kufika ufukweni, njiani, mwenzangu alisimama mahali penye sanamu. Akashusha sauti. Hapa, akasema, palikuwa na Mti wa Kusahau. Wanaume walizungushwa mara tisa, wanawake mara saba, ili wasahau kwao, wasahau majina yao. Waswisi wakainamisha vichwa. Mimi nywele zilinisimama kwa sababu nyingine: kituo kile, sauti ile iliyoshuka, nilikuwa naijua. Jioni, tumekaa tunakula kuku na ugali mwekundu wa nyanya na mafuta wanaouita amiwo, nikamuuliza, kazi kwa kazi, hadithi ya ule mti ameitoa kwa nani. Alitafuna kwanza. Nilikuwa nimemsimulia Kaole asubuhi.

"Na mbuyu wako?" akasema.

Hatukurudia tena.

Ninachokijua kwa hakika ni kwamba kama mti huo ulikuwepo, haukufanya kazi. Waliovushwa hawakusahau. Haiti miungu ile imebaki na majina yake, Legba ni Legba. Usiku mmoja wa Agosti 1791 watumwa walikutana Bois Caïman, wakafanya ibada, wakala kiapo, na siku chache baadaye mashamba ya miwa yakawaka moto. Mwaka 1804 wakawa taifa huru. Kila nikisimulia Bagamoyo habari za Kinjikitile Ngwale na maji yake, wageni wengine huguna kwa huruma: masikini, waliamini maji yatazuia risasi. Wajerumani walimnyonga 1905, vita vikaendelea bila yeye mpaka 1907. Tangu nirudi, nikifika kwenye ile huruma yao nawatajia Bois Caïman. Huwa wananyamaza kidogo.

Tarehe 10 mji mzima ulikuwa umevaa nyeupe na shanga. Wazee wa Vodun walikaa chini ya miavuli mikubwa, na mahujaji walitoka mbali mpaka Brazil. Sikukuu hii ni ya miaka ya 1990, chimbuko lake enzi za Rais Nicéphore Soglo. Kabla yake, chini ya Rais Kérékou aliyetangaza Umarx, kulikuwa na kampeni ya kuwaandama wachawi na watu wa jadi. Kisha upepo ukageuka, na Februari 1993 Papa Yohane Paulo II alikuja Cotonou akaketi na viongozi wa Vodun, wakazungumza.

Nitakuambia nilichokiona vizuri, maana mengine yalikuwa vumbi na migongo ya watu. Niliona Zangbeto. Ni kama paa la makuti lililoshuka chini likaamua kucheza: nyasi ndefu zilizotiwa rangi, zinazunguka kama pia, zinakujia, zinarudi. Ni walinzi wa usiku, sungusungu wa kule, na zamani mwizi akikutana nao hana hakimu mwingine. Nilichuchumaa kutafuta miguu. Miaka 16 ya kazi hii imenifundisha kutafuta miguu. Zangbeto akasimama mbele yetu, watu wake wakaishika ile nyasi, wakaipindua juu chini. Ndani hamna mtu. Kuna kisanamu kidogo cha mbao kimekaa mchangani. Wakaifunika tena, ikaanza kuzunguka.

Mwenzangu alikuwa ananitazama mimi, hamtazami Zangbeto. Sikumuuliza, na ninajua kwamba angenijibu uongo, tena uongo mzuri.

Kisha wakaja Egungun, wafu waliorudi, wamefunikwa vitambaa vya mahameli, vioo na kauri tangu utosini mpaka miguuni. Kitambaa chao kikikugusa ni hatari, wanasema unaweza kufa, kwa hiyo kila mmoja ana mtu wa fimbo wa kumtenga na watu. Mmoja alimponyoka mwenye fimbo akaja upande wetu. Nilikimbia. Nimeruka mfereji, nimepoteza kandambili moja, nimejikuta nyuma ya meza ya mama anayeuza soda pamoja na watoto sita, tunahema wote, tunacheka wote. Mzee wa Kiswisi alibaki palepale na kamera yake, akavutwa shati na askari.

Abomey ni saa chache kwenda bara. Makasri ya wafalme wa Dahomey yamo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1985, kuta za udongo zenye picha za kuchonga: simba, papa, kinyonga. Humo kuna kiti cha enzi cha mfalme Ghezo kilichoketi juu ya mafuvu manne ya maadui. Mfalme Béhanzin alipigana na Wafaransa mpaka 1894, akahamishiwa Martinique, akafa Algiers 1906. Vitu vya jumba lake vikaenda Paris, na Novemba 2021 Ufaransa ikarudisha 26. Mwenzangu anavihesabu kwa vidole, moja hadi 26, kama mtu anayehesabu mifugo iliyorudi jioni. Halafu anasema, "Gu bado." Sanamu kubwa la chuma la Gu limebaki Ufaransa. Nilimsimulia vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za kukumbukia wazee zilizoibwa makaburini Kenya zikaishia Marekani, na baadhi zikarudi. Nilimsimulia na mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria anayekaa Berlin. Akauliza kama mjusi ni mungu. Nikasema hapana, ni mifupa tu. Akaona mimi nina shida ndogo.

Abomey ndipo nilipokaa mkekani mbele ya bokono. Nilikuwa nimekataa siku tano. Anatumia mnyororo wenye vipande vinane vya maganda ya kokwa, anautupa, kila kipande kinaanguka kifudifudi au chali. Alama kuu za Fa, hiyo ramli yao, ni 16, na zikikutanishwa zinakuwa 256, kila moja ina visa vyake ambavyo lazima awe navyo kichwani. Niliposikia 16 nilishtuka. Ramli yetu ya mchangani, ya vitabu vya Kiarabu, nayo ina nyumba 16. Wapo wataalamu wanaosema mbili hizi ni ndugu. Bokono alinipa sarafu ninong'one swali langu kwenye sarafu, yeye asilisikie. Akatupa, akasoma, akanisimulia kisa kirefu cha mtu na jirani yake na shamba, akaniambia nitoe sadaka ya chakula kwa watoto. Nilikuwa nasubiri sehemu inayofuata, ile ambayo mganga wa kwetu anainama na kukuambia mchawi wako ni mwanamke, mweusi, mnene, yupo upande wa magharibi wa nyumba yako. Haikuja. Akafunga mfuko wake.

Nisiwapambe. Mwenzangu hakunificha kwamba nao wana neno lao, azé, ndio uchawi wa kudhuru, na watu wanaogopana na kutajana kama kwetu. Walichonacho ni maneno mawili mahali ambapo sisi tunajaza kila kitu kwenye moja.

Na sasa Dankoli. Iko upande wa Savalou, kando ya barabara, na ungeweza kuipita ukadhani ni jalala lililoungua. Ni kilima kidogo cheusi kinachong'aa kwa mawese ya miaka na miaka, manyoya yamegandana, na kila mahali vigingi, maelfu, vimepigiliwa na kuoza na kupigiliwa vingine juu yake. Harufu ya mafuta na damu ya zamani na pombe. Hapa huna haja ya mtu wa kati. Unachukua kigingi, unakipigilia huku unasema haja yako kwa sauti na kwa lugha yako. Unamimina mawese. Halafu unapiga funda la sodabi, gongo lao la mchikichi, unalipuliza juu ya kigingi mara tatu. Unaahidi utakacholeta haja ikitimia, na ikitimia lazima urudi.

Mama wa Kiswisi akapigilia chake. Mzee akapigilia chake. Mwenzangu akanipa kigingi, na mkono ulipokea kabla ya mimi kuamua. Binti yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne Novemba, matokeo yalikuwa njiani. Nikapiga nyundo. Nikasema kwa Kiswahili, nadhani kigingi cha kwanza cha Kiswahili kwenye lundo lile: mtoto afaulu, apate daraja la kwanza au la pili, nitaleta kuku. Ilipofika sodabi nikasita. Mwenzangu akasema si lazima nimeze. Nikaweka mdomoni, ulimi ukaungua, nikapuliza mara tatu, kisha nikasukutua na soda ya chungwa mpaka chupa ikaisha. Mpaka leo sijamuuliza sheikh yeyote hukumu yake.

Ndani ya gari ndipo akili iliponirudia: mtihani ulikwisha kusahihishwa. Nimemwomba mungu wa watu akabadilishe alama ambazo zilishajazwa.

Tukamalizia Ganvié, mji wa nguzo juu ya ziwa Nokoué, mzuri kupiga picha kuliko kuusimulia, kisha nikarudi nyumbani. Mwisho wa Januari matokeo yakatoka. Daraja la pili.

Nilikosea nikawaeleza mezani. Binti akaweka kijiko. "Baba, nimesoma mimi! Nimekesha na taa ya kuchaji miezi minne, leo apewe kuku jiwe la Benin?" Nikamgeukia mama watoto, nikijua hapo nitapata msaada, yeye aliyewaita wachawi tangu mwanzo. Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua kichwa. Akauliza kama niliahidi kwa mdomo wangu. Nikasema ndiyo. Akauliza kuku ni bei gani kule.

Nauli ya kurudi sina, na Waswisi mwaka huu wanakwenda Peru. Nilimwandikia mwenzangu. Akajibu palepale kwamba hilo ni jambo la kawaida, nitume pesa ya kuku na ya mafuta ya pikipiki, atanipelekea na kunisemea. Nikatuma. Baada ya siku nne ikaja picha: kile kilima cheusi, mkono wa mwenzangu, na kuku wangu. Nimeikuza picha ile mara nyingi. Ni kifaranga kilichoanza kuota mkia. Kwa pesa niliyotuma wangepatikana majogoo wawili wazima, na kwa kuwa mimi pia ni mwongoza watalii, najua kabisa waliliwa na nani, na waliliwa kwa amiwo.